Kuukata wali, kuupima au kuubadilisha: njia tatu za kula kwa mwenye sukari

Mamangu aliacha sukari ya chai siku ile ile alipoambiwa ana ugonjwa wa sukari. Asubuhi yake akanywa chai ya maziwa bila sukari, uso kaukunja, na mbele yake mahamri matatu na bakuli la mbaazi za nazi, kama tunavyofungua kinywa hapa Langoni, Lamu, tangu tupate akili. Masaa mawili baadaye mashine ya kupimia sukari ya damu ikasoma 13.8 (namba zote za mashine humu ni mmol/L). "Na sukari nimeiacha, wallahi," akaniambia, kama mtu aliyesingiziwa.

Jina la maradhi ndilo linalotupoteza. Tunayaita sukari, basi tunamtafuta mwizi ndani ya kopo la sukari. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4. Hamri moja la kiasi lina wanga wa karibu gramu 25. Matatu ni 75. Wali mweupe ulioiva una wanga gramu 28 hivi kwa kila gramu 100, na sahani ya mtu aliyeshinda kazini haikosi gramu 300. Piga hesabu: gramu 84, sawa na vijiko 21. Wala wanga si mpole kuliko sukari ya kopo. Wanga ni glukosi tupu iliyoshikana minyororo. Tumbo likishaikata, yote inaingia kwenye damu. Sukari ya kopo angalau nusu yake ni fruktosi, ambayo haikipandishi kipimo namna hiyo.

Kwa hiyo kuugusa wanga ni lazima. Swali ni kuugusa vipi. Watu hapa mjini wanazungukia njia tatu: kuukata, kuupima, au kuubadilisha kwa wanga wa polepole. Zote tatu nimempikia mamangu, kwa zamu, na ami yangu naye ana yake aliyoishikilia. Ninazungumzia kisukari aina ya pili, kile cha watu wazima. Mja mzito na mwenye aina ya kwanza wana maneno yao mwishoni.

Mambo manne ya kupimia

La kwanza ni kipimo chenyewe: sukari inafika wapi masaa mawili baada ya kula. Wengi huambiwa walenge 4 hadi 7 kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya kula. Wapo madaktari wanaotaka isipite 8.5. Kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, wengi hulenga chini ya asilimia 7.

La pili ni dawa unazomeza, maana chakula na dawa vinavuta kamba moja. La tatu ni jiko na mfuko. La nne, ambalo vijikaratasi vya ushauri havilitaji, ni sinia: unakula na nani, na utakula nao vipi kesho na keshokutwa.

Njia ya kwanza: kuukata

Hapa wali hakuna, sima hakuna, mkate, chapati, mahamri, muhogo, viazi, ndizi, halwa, vyote vinapewa mkono wa buriani. Wataalamu huita "wanga kidogo" pale mtu anapokula chini ya gramu 130 kwa siku. Wanaokaza kamba hushuka hadi chini ya 50. Kinachobaki si haba kwa mtu wa pwani: changu wa kupaka, jodari, pweza, mayai, kuku, mchicha wa nazi, bamia, mabilingani, kachumbari, parachichi.

Kipimo. Hakuna njia inayoshusha upesi kuliko hii. Changu na mchicha havina cha kupandisha. Ami alikuwa akipima kabla ya kula anaona 6.9, masaa mawili baadaye 7.4, akapiga simu kuuliza kama mashine imeharibika. Si jambo jipya pia: mwaka 1797, zaidi ya karne moja kabla insulini, kile kinachoshusha sukari ya damu, haijapatikana kuwa dawa, John Rollo, daktari wa jeshi la Uingereza, aliandika habari za mgonjwa wake wa kisukari aliyemlisha zaidi nyama na kumpunguzia vyakula vya mimea. Siku hizi ushahidi ni mwingi zaidi. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kilisema kuwa, katika hatua za chakula, kupunguza wanga ndiko kwenye ushahidi mkubwa zaidi wa kushusha sukari. Mwaka 2021 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, likachapisha uchambuzi wa majaribio 23 yenye watu 1,357. Kufikia miezi sita, 57 katika kila 100 waliopunguza wanga HbA1c yao ilikuwa imeshuka chini ya mpaka wa kisukari. Kwa waliokula vyakula vingine vya mpango ni 31. Ulipotimia mwaka, tofauti ilikuwa imepungua sana. Mimi sishangai. Ndani ya mwaka kuna Ramadhani, kuna Idi mbili, kuna Maulidi, kuna harusi za ndugu zisizohesabika.

Usitishike pia ukiamka na 8 wakati jana hukula wanga hata kidogo. Karibu na alfajiri ini hutoa sukari liliyoiweka, kuuandaa mwili kuamka. Hiyo haina uhusiano na samaki uliyemla usiku.

Dawa. Hapa ndipo nilipofanya kosa. Mamangu alikuwa kwenye glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, na mimi nikamkatia wanga ghafla bila kumwambia mtu yeyote wa kliniki. Siku ya pili, kwenye saa tano mchana, yuko uani anamenya vitunguu thomu, nikaona kisu kimemponyoka. Jasho linamtiririka na upepo unavuma, vidole vinatetemeka, ananijibu maneno yasiyoungana. Mashine: 3.1. Nikamkorogea vijiko vinne vya sukari kwenye maji, tukangoja robo saa, tukapima tena: 4.6. Ndipo nikampa chakula. Wiki ile ile kliniki wakamkata dozi kwa nusu na kunipa maneno yangu, niliyoyastahili.

Sababu ni kwamba glibenklamidi na ndugu zake, kama gliklazidi, huisukuma kongosho itoe insulini, umekula au hukula. Sindano ya insulini vilevile haiulizi sahani ina nini. Ukiwa na dawa hizo, dozi itazamwe na daktari kabla wali haujaondoka, si baada. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Kuna kundi jingine, dapagliflozini na empagliflozini, lenye hatari ya namna yake: pamoja na kukata wanga kabisa, damu inaweza kujaa asidi ya ketoni hata mashine ikiwa haionyeshi namba ya kutisha. Kutapika, tumbo kuuma, kuhema haraka: hospitali, wala usingoje asubuhi. Na mwenye vidonge vya presha ajue kwamba wiki za mwanzo mwili hupoteza maji na chumvi, presha ikashuka. Kizunguzungu cha kuinuka kitandani kisichukuliwe kuwa ni uzee.

Jiko na mfuko. Kaskazi ikivuma, samaki wanapatikana na njia hii inakwendeka. Kusi ikishika, vyombo vinalala ufukweni, na kilo ya samaki inakuwa habari nyingine. Sufuria ya wali inashibisha watu sita. Samaki mmoja hashibishi wawili. Halafu kuna mafuta. Tui la nazi halina wanga wa kutisha, lakini mafuta yake mengi ni yale mazito, na kuna watu ambao lehemu (kolesteroli) mbaya hupanda wakila hivi. Pima mafuta ya damu kabla ya kuanza na tena baada ya miezi mitatu.

Sinia. Utakula peke yako, au utakula na watu huku mkono umeufunga. Ami ni mgane, mvuvi, anajipikia mwenyewe, samaki hanunui. Hana wa kumuuliza mbona huli wali. Mwaka wa pili huu yuko hivyo hivyo, na sidhani ni kwa sababu ana moyo mgumu kutushinda sisi.

Njia ya pili: kuupima

Hii ndiyo ya mchoro ulioko ukutani kliniki: nusu ya sahani mboga, robo kitoweo, robo wanga.

Kipimo. Wali ukitoka gramu 300 ukawa 120, wanga unatoka 84 unafika 34. Mamangu akawa anasoma 9 na kitu baada ya chakula cha mchana, mara chache 10. Si kama ami, lakini si 13.8. Na njia hii ina nyongeza mbili zisizogharimu chochote. Moja ni mpangilio: anza na mboga na samaki, wali uwe wa mwisho. Jaribio la New York lililochapishwa mwaka 2015, dogo kweli, watu 11 tu, lilikuta chakula kile kile kinapandisha kidogo zaidi wanga ukija nyuma. Tumelijaribu nyumbani na mashine imekubali, ingawa kula mboga tupu kabla ya wali kulimfanya mamangu aseme anakula kama mbuzi. Nyongeza ya pili ni miguu. Mwaka 2016 watafiti wa New Zealand walikuta kutembea dakika 10 baada ya kila mlo kunashusha sukari ya baada ya kula kuliko kutembea dakika 30 mara moja kwa siku. Mji wetu karibu hauna magari. Kutoka Langoni kwenda Mkomani, mtaa wa jirani, kwa njia ya bahari na kurudi, dakika hizo zinakwisha kabla salamu hazijakwisha.

Dawa. Hatari ni ndogo kuliko kuukata, kwa kuwa wanga bado upo. Aliye kwenye insulini au glibenklamidi apime mara nyingi zaidi wiki mbili za mwanzo, basi.

Jiko na mfuko. Chungu kimoja, chakula kimoja, hakuna anayepikiwa pembeni. Kinachoongezeka ni mboga. Sisi pwani mboga tumezoea iwe kijiko cha kupambia wali. Nusu ya sahani ni fungu zima la mchicha, kila siku. Panga hivyo sokoni.

Sinia. Mchoro wa kliniki umechorwa na mtu anayekula kwenye sahani yake. Sinia haina robo. Watu watano mmelizunguka, kila mmoja anakula upande wake, samaki katikati, na hakuna ajuaye amemaliza wali kiasi gani mpaka chini paonekane. Mara ya kwanza nilimpakulia mamangu sahani yake mbali. Ilikuwa Ijumaa, wajukuu wamejaa. Akaitazama ile sahani, akauliza, "Leo nimekuwa mgeni?" Hakuila.

Tulichofanya mwisho ni hiki. Wali wake napima kwa kikombe cha chai, bila kushindilia, gramu 150 hivi, wanga 42. Namimina kwenye kisahani, na kisahani nakitia ndani ya sinia upande wake, mboga kando. Mkono wake uko siniani na wenzake. Kinachobaki ni mkono wa mwenyeji, ule unaokuongezea wali ukisema umeshiba. Dawa yake ni kuacha wali kidogo mbele yako tangu mwanzo, mwenye nyumba auone haujaisha.

Njia ya tatu: kuubadilisha

Wanga haupungui sana, unabadilishwa kwa ule unaomeng'enywa polepole: mbaazi, kunde, pojo, dengu, na mara moja moja mkate wa mofa wa mtama badala ya mkate mweupe.

Kipimo. Mbaazi za kuchemsha zina wanga gramu 23 hivi kwa kila gramu 100, ambao unakaribia wa wali, lakini karibu 7 kati ya hizo ni nyuzinyuzi, na uliobaki unatoka polepole. Kile kifungua kinywa cha mamangu tulikigusa mahali pamoja tu: mbaazi zikabaki, mahamri yakaondoka, likaingia yai. Mashine ikasoma 8.8. Kutoka 13.8, na bakuli ni lile lile.

Ila njia hii ndiyo yenye kujidanganya kwingi, kwa sababu rangi ya kahawia inaaminiwa kupita kiasi. Chapati ya ata ina wanga karibu sawa na nyeupe. Uji wa wimbi, unga ukishasagwa laini na kupikwa ukalainika, unapita tumboni mbio. Usinywe bakuli mbili kwa kuwa ni "wa asili". Muhogo wa kuchemsha una wanga kushinda wali, gramu kwa gramu, karibu 38 kwa 100. Asali ni sukari. Tende ni sukari yenye nyuzinyuzi: moja au mbili na kahawa tungu barazani, sawa, kiganja kizima, hapana.

Dawa. Kama njia ya pili. Mwenye figo zilizodhoofika aulize kwanza, maana jamii ya kunde ina potasiamu nyingi. Na figo hizo hizo zitamfanya aulize pia kabla ya kuifuata njia ya kwanza na nyama zake.

Jiko na mfuko. Bei yake nafuu, mkaa wake si nafuu. Loweka usiku kucha, mwaga maji, pika kwa wingi. Tumbo litajaa gesi wiki ya kwanza, kisha huzoea.

Sinia. Hakuna atakayejua. Mbaazi zilikuwapo mezani kabla ya maradhi.

Kwa hali yako

Umegunduliwa juzi, uzito umezidi, unameza metformini tu au bado hujaanza dawa: njia ya kwanza kwa miezi mitatu, kliniki wakijua, ina nafasi nzuri ya kukuonyesha tofauti kubwa, na baada ya hapo unaweza kulegeza ukahamia ya pili. Unakula peke yako na samaki unawapata, hata zaidi.

Uko kwenye insulini au dawa inayosukuma kongosho: anza na ya pili. Ukitaka kufika ya kwanza, pita kwa daktari njiani, na sukari ya dharura iwe mfukoni, si kabatini.

Unapikia nyumba nzima, watoto ndani, chungu ni kimoja: asubuhi njia ya tatu, mchana na usiku ya pili. Ndivyo tulivyo sisi sasa.

Mja mzito mwenye sukari asikate wanga. Kawaida hushauriwa asishuke chini ya gramu 175 kwa siku, na mpangilio wake aupate kliniki. Mwenye aina ya kwanza, insulini yake huhesabiwa kwa wanga anaokula, kwa hiyo kubadilisha chakula ni kubadilisha sindano, na hilo halifanywi nyumbani kwa kubahatisha.

Ramadhani ina mlango wake. Futari yetu karibu yote ni wanga: tambi, viazi vya nazi, muhogo, kaimati zilizoogeshwa shira. Muulize daktari kabla ya mwezi kuandama kama ufunge na dozi ziwe vipi. Ukifunga, futuru kwa tende moja na maji, kisha supu ya samaki na mboga, na katika vile vya wanga chagua kimoja. Daku iwe ya mbaazi au kunde na yai, si chai na mkate. Kupima kwa kuchoma kidole hakufunguzi kwa kauli ya wanazuoni wengi, kwa hiyo pima mchana. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, fungua.

Na kama vijiti vya kupimia ni vichache, usivimalize kwa kupima asubuhi tu kila siku. Chagua mlo mmoja unaoutilia shaka. Pima kabla ya tonge la kwanza, kisha masaa mawili baadaye. Wiki ijayo mlo ule ule, lakini wali nusu, au mbaazi bila hamri, na vijiti viwili vingine. Tofauti ya kabla na baada ya kula ikizidi 3, mlo huo una la kurekebishwa. Na nawa mikono kwa sabuni ukaushe kabla ya kuchoma: ami aliwahi kusoma 15.2 akakosa usingizi, kumbe alikuwa ametoka kumenya embe.